Mteja tunamdai meseji ya muamala, halmashauri tunakubali maneno tu

Leo siongelei vifungashio wala namna ya kupiga picha bidhaa. Naongelea barua, tena ya karatasi, ya kupeleka halmashauri. Msinikimbie, nisomeni kwanza.

Mteja akikwambia "dada nimeshatuma hela", unafanyaje? Unamwambia nitumie meseji ya muamala, hata kama ni shoga yako wa kufa na kuzikana. Lakini mtu wa ofisini akitwambia "fedha zimeisha", tunasema asante, tunanyanyuka, tunakuja kulia kwenye grupu. Mimi nimefanya hivyo mara mbili, kwa hiyo simcheki mtu.

Tuko akina dada watano, tunauza madera na mikoba. Kila mmoja ana ukurasa wake ila mzigo tunachukua pamoja. Tuliomba ule mkopo wa asilimia kumi. Kwa asiyeujua: kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga 10% ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na hauna riba. Mwaka 2023 serikali iliusimamisha, maana kulikuwa na matatizo mengi, vikundi hewa vikiwemo, na ripoti za CAG zilishavisema. Mwaka 2024 ukarudi kwa utaratibu mpya.

Basi sisi tukaomba, tukasubiri, tukaambiwa zimeisha. Tukarudi, zimeisha tena. Pale nje kwenye benchi kuna kaka mmoja, si mtumishi ila kila mtu anamjua, akatwambia leteni elfu hamsini ya kusukuma faili. Na jamani nisiwafiche, tulianza kuchanga. Elfu kumi kumi, na mtunza hela nilikuwa mimi.

Aliyenizuia ni mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu. Nilimpelekea dera nyumbani, nikamwaga manung'uniko yote pale sebuleni. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mliwahi kuuliza kwa maandishi?" Nikabaki namtazama.

Kumbe sheria ipo, inaitwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini niliisoma kwenye simu, taratibu, huku napaki oda, na nikaielewa. Raia wa Tanzania anaweza kuandika kuomba taarifa iliyoko kwenye ofisi ya umma. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Wakikunyima, wakupe sababu. Usiporidhika unapanda kwa mkuu wa taasisi, na juu yake kuna Waziri. Hata asiyejua kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, ofisa ndiye anayemwandikia. Si kila kitu kinatolewa, mambo ya usalama wa taifa au siri binafsi za mtu yana mipaka yake. Ila orodha ya vikundi vilivyopewa hela ya umma? Hiyo sioni ni siri ya nani.

Barua yetu ilikuwa fupi. Badilisheni majina, tumieni:

"YAH: KUOMBA TAARIFA ZA MIKOPO YA ASILIMIA KUMI. Sisi wanakikundi wa (jina la kikundi), raia wa Tanzania, tunaomba chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 tupatiwe: moja, orodha ya vikundi vya wanawake vilivyopata mkopo mwaka wa fedha uliopita, kata ya kila kimoja na kiasi kilichopewa. Pili, kumbukumbu inayoonyesha ombi letu lilifika hatua gani na liliamuliwa nini. Tuko tayari kulipia gharama za nakala."

Basi. Hatukuandika kwamba tunanyanyaswa wala kwamba kuna rushwa. Na hatukuuliza "kwa nini mnatunyima", kwa sababu ukiuliza kwa nini utapewa maelezo, na maelezo tulishapewa ya kutosha. Omba karatasi, na itaje kwa jina na mwaka wake. Ukiandika "naomba taarifa zote za mikopo" unampa mtu sababu ya kukuambia hajaelewa unataka nini.

Tukachapisha nakala mbili. Hapa ndipo wengi mnapokosea: barua haipewi mtu unayemfahamu mkononi. Inapelekwa masjala. Moja wanabaki nayo, ya pili wanakugongea mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unaondoka nayo. Ule mhuri ndiyo meseji yako ya muamala. Mama wa masjala alinisoma juu mpaka chini, akasema "mdogo wangu, hii barua nzito." Nikamwamkia tena, nikatabasamu, nikaomba mhuri wangu.

Najua mtaniambia ukiandika hivyo utaandamwa, kesho wanakuja kukufungia frem. Hofu hiyo siidharau, hata mimi siku tatu sikulala vizuri. Ndiyo maana tuliandika kwa jina la kikundi, tukasaini wote watano, na barua haikumtuhumu mtu. Na jibu likija, usilikatekate na kulirusha mtandaoni na maneno yako. Sheria hiyohiyo inaadhibu kupotosha taarifa uliyopewa, na adhabu yake ni jela. Ukitaka kuonyesha watu, onyesha karatasi ilivyo.

Kuna vitu havihitaji hata barua. Ripoti za CAG za serikali za mitaa ziko kwenye tovuti ya ofisi yake. Jina la kampuni ya anayekuuzia mzigo unaliangalia kwenye mfumo wa BRELA kabla hujamtumia hela. Na mtu akija kudai ushuru usioujua, muulize kwa upole unatokana na sheria ndogo ipi, ilitoka kwenye Gazeti la Serikali kwa tangazo namba ngapi. Wa kweli atakutajia au atakuelekeza pa kuiona.

Sasa jibu letu. Siku ya 26 nikapigiwa simu nikachukue. Kurasa mbili za orodha, na barua ya aya moja. Nilienda nimejiandaa kukasirika, na nikakuta aibu yangu mwenyewe: ombi letu halikuwahi kuvuka kata. Akaunti ya benki tuliyoijaza ilikuwa ya mwenzetu mmoja, si ya kikundi. Hakuna aliyetunyima, ila hakuna aliyetwambia pia. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata angeweza kulisema kwa nusu dakika mara ya kwanza tulipokwenda, na hapo namlaumu. Ile elfu hamsini ingesukuma faili lipi? Nimewarudishia wenzangu elfu kumi zao, akaunti ya kikundi tumefungua, na ombi tumeliingiza upya.

Ila kwenye orodha, ukurasa wa pili, kuna kikundi cha ushonaji kimeandikwa kiko mtaa wetu, na kimepewa milioni kadhaa. Mimi nimezaliwa mtaa huu. Nimemuuliza mwenyekiti wa mtaa, nimeuliza mafundi cherehani wote ninaowapa kazi ya kupunguza madera, hakuna anayekijua. Inawezekana kata imekosewa kuandikwa, na sisi tumeshajifunza kutokimbilia kulaumu. Kwa hiyo tumeandika barua ya pili, ya mistari minne, tunaomba nakala ya cheti cha usajili wa kikundi hicho. Masjala wamegonga mhuri. Leo ni siku ya 11.