Maoni Yetu: Pimeni maji ya Kisenge kabla ya treni

Kila mara mto wa Lualaba unapoharibika, jibu huwa lile lile: tulikuta hivi. Mwaka 2012 maji yenye asidi ya kiwanda cha Luilu, nje kidogo ya Kolwezi, yalionyeshwa kwenye televisheni ya BBC. Kampuni ya Glencore, mwenye kiwanda, ikajibu kwamba ilikirithi kutoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kwamba kasoro hiyo imesharekebishwa. Huenda ni kweli. Lakini nani wa kubisha, wakati hakuna daftari la serikali linaloonyesha mto ulikuwaje kabla kampuni haijaingia?

Sheria tunazo, tena kali. Katiba ya Kongo, ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yasiyomdhuru. Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 ina kifungu cha 285 bis: mwenye mgodi analipa madhara ya kazi yake hata kama hakufanya kosa lolote. Wanasheria wa nchi nyingi wangekitamani kifungu hicho. Ila mwenye shamba la mihogo iliyokauka bado anadaiwa athibitishe kwamba sumu imetoka mgodini. Atathibitisha kwa nini, kwa macho?

Tuseme wazi jinsi mambo yanavyokwenda. Shaba na kobalti hutolewa kwenye mawe kwa asidi ya salfa. Maji machafu yanatakiwa kutiwa chokaa hadi ukali uishe ndipo yaachiwe. Chokaa inanunuliwa, na inahitajika usiku kucha kama mchana. Mahali ambapo hakuna mkaguzi anayeweza kubisha hodi saa nane za usiku, kipimo cha chokaa kinaamuliwa na mhasibu. Mpango wa mazingira wa mgodi hupitishwa na Agence Congolaise de l'Environnement, Kinshasa. Karatasi inakaa huko, mfereji uko huku.

Matokeo yake, serikali huja baada ya maji. Novemba 2025 maji machafu ya kampuni ya CDM yalifurika hadi mitaani Lubumbashi, ndipo waziri wa migodi akasimamisha kazi zake. Alifanya vizuri. Lakini bwawa la maji machafu halijengwi kwa siku moja. Lilikuwa pale, na ofisi zenye jukumu la kulikagua zilikuwa pale pale mjini. Hata kobalti iliyokutwa kwenye mkojo wa watoto wa Kasulo, hapa Kolwezi, ilitangazwa mwaka 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji. Maprofesa walibeba chupa za sampuli. Wakaguzi je?

Sasa tazameni Kisenge, mgodi wa manganizi hapa Lualaba. Manganizi yake ilikwama miaka ya 1970, vita vya Angola vilipoifunga reli ya Benguela. Reli hiyo imefufuka kwa jina la Ukanda wa Lobito, na tangu mwisho wa 2023 shaba ya mgodi wa Kamoa-Kakula imeshapita humo kwenda baharini. Manganizi inatafutwa na watengenezaji wa betri. Mgodi ukiamka, utaamka juu ya mabaki ya zamani, na atakayekuja ana jibu tayari mdomoni: tulikuta hivi.

Mnyimeni jibu hilo. Pimeni visima na vijito vya Kisenge sasa, kabla ya tani ya kwanza. Karatasi ya kupima asidi, ile inayogeuka nyekundu, mwalimu wa shule anaweza kuitumia. Manganizi na metali nyingine zinataka maabara, na mkoa unaoishi kwa kobalti hauna sababu ya kusubiri ya Kinshasa. Matokeo yabandikwe kwa chifu na kwenye mlango wa kanisa, kwa Kiswahili, na yarudiwe kila msimu.

Na mkaguzi asiyekagua aonje sheria pia. Kule Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliodhuriwa na madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu walirudishiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na Mahakama ya Juu ya Kenya, Desemba 2024. Miongoni mwa waliotakiwa kulipa ni NEMA, mamlaka ya mazingira yenyewe. Wabunge wa Lualaba, peni mko nayo: andikeni jukumu kama hilo kwa Agence yetu, na maabara ya mkoa iingie kwenye bajeti ijayo.