Anayesema Bahi hakuna mbu alikwenda Septemba

Kila kifuku kinapoingia Dodoma, watu hufunga mizigo kwenda Bahi: wapimaji wa ardhi, mafundi wa barabara, wanafunzi wa vyuo wanaokwenda kukusanya takwimu vijijini, wachuuzi wanaofuata samaki na mpunga. Waulize chandarua kiko wapi. Watakujibu kwamba Dodoma ni nchi kame, mbu atoke wapi? Nimeisikia kauli hii kwa wasomi na kwa wasiosoma, kwa wageni na kwa wenyeji wa mjini, na naiona ni kauli ya hatari. Inamlaza mtu nje bila kinga mahali ambapo kinga inahitajika kuliko sehemu nyingi za mkoa.

Kauli yenyewe ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa asilimia 7.3 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo kabisa. Lakini takwimu ya mkoa huchanganya mitaa ya mjini, vijiji vya miinukoni na mabonde yenye maji, ikatoa wastani mmoja. Msafiri halali kwenye wastani. Analala mahali fulani, mwezi fulani.

Na Bahi ni mahali pa namna yake. Iko umbali wa takriban kilomita 50 magharibi ya jiji, kwenye bonde. Mto Bubu unaoshuka kutoka upande wa Kondoa humwaga maji yake humo, na maji hayo hayana pa kutokea; hukaa mpaka jua liyamalize. Iko miaka ambayo bwawa hukauka ng'ombe wakapita katikati. Iko mingine ambayo hufurika, watu wakaja na mitumbwi, wakajenga vibanda vya majani na kuishi kambini wakivua. Kandokando kuna majaruba ya mpunga, na mpunga ukianza kukomaa wakulima huhamia shambani ili alfajiri iwakute tayari kuamia ndege. Wote hawa wanalala nje, jirani na maji, katika miezi ileile ambayo mbu wanazaliana.

Mbu mkuu wa malaria katika maeneo yetu makavu, Anopheles arabiensis, hahitaji ziwa. Anapenda maji ya muda yaliyo juani: jaruba, dimbwi la njiani, alama ya kwato iliyojaa mvua, shimo ambalo mkandarasi alichimba kifusi akaliacha wazi. Kwa joto la bonde lile, yai huwa mbu anayeruka katika wiki moja hadi mbili. Mbu huyu huuma ndani na nje, huanza jioni watu wangali wanaota moto na kuzungumza, na akikosa mtu hunywa damu ya ng'ombe akaendelea kuishi. Mahali penye mifugo mingi kama Ugogo, hafi njaa.

Kuna jambo jingine, na hili linauvunja kabisa ule msemo wa ukame. Wapo mbu wa jamii ya Aedes wanaotaga kwenye udongo wa mbuga zinazofurika kwa msimu. Mayai yao hustahimili ukavu kwa miaka, yakisubiri mafuriko. Maji yakija, yanaanguliwa kwa wingi, na baadhi yao huwa yamebeba virusi vya Homa ya Bonde la Ufa tangu kwa mama zao. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki. Ugonjwa ukaanzia Kenya, na mwanzoni mwa 2007 ukaingia Tanzania. Hapa nchini ulithibitishwa au kushukiwa kwa nguvu kwa watu zaidi ya 300, wakafa zaidi ya 140, na mkoa ulioumia kuliko yote ulikuwa Dodoma. Nchi kame! Ni kweli wengi walioambukizwa walishika damu au nyama ya mifugo wagonjwa, lakini mifugo yenyewe iliupata ugonjwa kwa mbu. Udongo mkavu ndio uliokuwa ghala la mayai.

Kwa nini basi watu wanaendelea kuamini? Kwanza, wengi hufika Bahi kiangazi, barabara zikipitika na bwawa likiwa limenywea. Aliyelala huko Septemba bila kuumwa na mbu anasema kweli, ila ni kweli ya Septemba. Pili, malaria haijitokezi papo kwa papo. Tangu kuumwa hadi homa hupita angalau siku saba, mara nyingi kumi hadi kumi na tano. Wakati huo msafiri amesharudi Dar es Salaam au Mwanza, na anapougua analaumu mbu wa nyumbani kwake. Bahi inabaki na sifa yake njema. Na kwa kuwa malaria ni kidogo mkoani, wakazi wengi wa Dodoma hukua bila ile kinga ya mwili anayojijengea mtu wa ukanda wenye malaria ya mwaka mzima. Mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kulazwa na malaria kali.

Wengine hutegemea moshi wa kuni au wa samadi. Moshi hupunguza mbu kidogo kwa aliyekaa karibu; moto ukizimika saa nane usiku, aliyelala hana ulinzi wowote. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo usiiwashe ndani ya hema lililofungwa, utavuta moshi usiku kucha.

Bebeni chandarua chenye dawa. Miti minne inatosha kukitundika. Kining'inie mbali na mwili, maana ngozi ikigusa wavu mbu humfikia mtu kwa nje, na ncha zake zisukumwe chini ya mkeka. Kioshwe kwa upole na kianikwe kivulini, jua linaua dawa. Wenye hema wafunge zipu kabla ya magharibi. Jioni vaeni mikono mirefu, suruali na soksi, na pale ngozi ilipo wazi pakeni mafuta ya kufukuza mbu yenye DEET, mkirudia kadiri yanavyoisha nguvu. Mchana pia msijiachie, kwa kuwa Aedes huuma mchana.

Nawalaumu zaidi wanaotuma watu. Ofisi inalipa posho, inatoa gari, mafuta na daftari za dodoso, kisha inampeleka kijana wa miaka ishirini na miwili kulala kando ya majaruba mwezi Machi bila chandarua. Kiwekwe kwenye orodha ya vifaa vya kazi, pamoja na buti na koti la mvua, na gari lisiondoke bila hicho. Na yeyote anayeshikwa na homa hata wiki tatu baada ya kurudi amwambie mganga mapema kwamba alilala Bahi, aseme kama alishika mifugo au nyama mbichi, na apimwe malaria siku hiyohiyo.