Ulyankulu na Mzigo wa Kuthibitisha Uraia

Oktoba 2014, Rais Jakaya Kikwete alizindua ugawaji wa vyeti vya uraia kwa watu 162,156 waliokuwa wakimbizi kutoka Burundi. Wengi wao waliishi katika makazi matatu ya magharibi mwa Tanzania: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba na Mishamo mkoani Katavi. Ni nchi chache mno zilizowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo, na sifa ambazo Tanzania ilimwagiwa wakati ule zilikuwa za haki.

Hata hivyo, maombi ya watu hao yalikuwa yamekubaliwa tangu mwaka 2010. Kwa miaka minne walikaa wakijua kuwa wamepokelewa, huku mkononi hawana kitu. Sheria iliwataka waukane uraia wa Burundi ili wapewe ule wa Tanzania, na wengi walishaukana. Hawakuwa tena Warundi, na Utanzania wao haukuwa na karatasi ya kuuonyesha kwa askari wa kizuizi cha barabarani, kwa karani wa benki wala kwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari.

Miaka hiyo minne inaibua swali ambalo halijaisha hadi leo, na halihusu Ulyankulu peke yake. Nani anapaswa kubeba mzigo wa kuthibitisha uraia? Ni mwananchi mwenye kadi yake ya zahanati na barua ya mtendaji wa kijiji, au ni dola yenye madaftari, mihuri na kumbukumbu zote? Makala hii inashikilia kwamba mzigo huo ni wa dola, na kwamba historia ya Tabora yenyewe inaunga mkono hoja hiyo.

Tabora ilikuzwa na watu wa kuja na kupita. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, eneo ilipo Tabora, ikagawanyika kuelekea Ujiji, Karagwe na kusini magharibi. Wapagazi wa Kinyamwezi walikutana humo na Wamanyema kutoka Kongo, Waarabu wa pwani na wafanyabiashara wa chumvi ya Uvinza. Mgeni alilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa mtemi wa nchi anayoipita, akaendelea na safari, au akaomba ardhi na kubaki. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa kukusanya watu wa asili nyingi chini ya utii mmoja, na Ulyankulu ilikuwa sehemu ya nchi zake.

Watu wa Tabora nao walihamia kwa wengine. Katikati ya karne ya 19, Msiri alitoka upande huu wa Unyamwezi na Usumbwa, akaenda kuanzisha utawala huko Bunkeya, Katanga. Wazao wa watu wake, Wayeke, leo ni raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mpaka unaotenganisha Tanzania na Burundi nao si wa kale. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Urundi na Tabora zilikuwa ndani ya koloni moja la Ujerumani. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yakauteka mji wa Tabora. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ikabaki na Ruanda-Urundi na Uingereza ikachukua Tanganyika. Watu waliokuwa chini ya bendera moja wakajikuta ni wageni kati yao.

Mwaka 1972 mpaka huo ukawa mstari wa kuokoa roho. Utawala wa Michel Micombero ulianzisha mauaji makubwa ya Wahutu, waliouawa wakafika zaidi ya laki moja, na wengine wakakimbilia Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi katika misitu ya miombo ya magharibi. Ulyankulu ilifunguliwa mwaka 1972, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978 baada ya Ulyankulu kuzidiwa na watu. Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi Tanganyika, TCRS, liliendesha huduma pamoja na serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Wakimbizi walifyeka pori, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku. Mwaka 1985 makazi hayo yakakabidhiwa kwa serikali kwa kuwa wakazi wake walikuwa wanajitegemea.

Lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali cha mkuu wa makazi. Mtu alizaliwa Ulyankulu, akasoma Ulyankulu kwa Kiswahili, akalipa ushuru wa mazao yake, na bado kwenda Tabora mjini kuuguza ndugu kulimtaka abebe karatasi yenye muhuri na tarehe ya kurudi.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR walikubaliana kulimaliza jambo hili. Sensa ya mwaka huo ilionyesha kuwa makazi matatu yalikuwa na watu wapatao 218,000. Waliulizwa wanachotaka: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Takriban asilimia 80 walichagua kubaki. Waliochagua kurudi, zaidi ya 50,000, walisafirishwa kuanzia mwaka 2008.

Hapa ndipo sheria inapostahili kusomwa kwa makini. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, katika kifungu cha 5, inasema kwamba kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia wa nje na wa maadui walioikalia nchi. Maneno ya kifungu hicho hayamtengi mtoto wa mkimbizi. Ila utendaji wa serikali kwa miaka mingi umekuwa tofauti: mtoto anahesabiwa raia kama mzazi wake mmoja ni raia. Kwa sababu hiyo, maelfu ya watu ambao kwa maandishi ya sheria wangeweza kudai uraia wa kuzaliwa walitakiwa kuomba uraia wa tajnisi, ule apewao mgeni, kana kwamba wamewasili jana.

Tofauti ya hadhi hizi mbili ni kubwa. Raia wa tajnisi anaweza kunyang'anywa uraia kwa sababu ambazo hazimgusi raia wa kuzaliwa. Hawezi kugombea urais. Uamuzi wa waziri kumkubali au kumkatalia, kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo, haukatiwi rufaa mahakamani.

Serikali ilikuwa na hoja zake za kusita, na si za kupuuzwa. Chama cha Palipehutu, kilichokuja kupigana vita ndani ya Burundi, kilianzishwa Mishamo mwaka 1980, na hakuna serikali inayofurahia kuona ardhi yake ikiwa uwanja wa vita vya jirani. Viongozi wa mikoa walihofia ardhi na misitu. Kwa hiyo mpango wa awali uliwataka raia wapya wayaache makazi na kutawanywa katika mikoa mingine, ili wasibaki kisiwa cha Warundi ndani ya Tanzania. Halmashauri nyingi hazikuwa tayari kuwapokea, na wakazi hawakutaka kuacha mashamba, makanisa na makaburi ya wazazi wao. Mpango ulisimama mwaka 2011, na vyeti vikasimama pamoja nao. Vilipotolewa mwaka 2014, watu waliruhusiwa kubaki walipo.

Fundisho lake liko wazi. Cheti cha uraia kilitumiwa kama amana ya kuwalazimisha watu wahame. Hofu ya usalama ni halali, lakini dawa yake ni kumchunguza mtu kabla ya kumkubali. Akishakubaliwa, kumzuilia karatasi ni kumwadhibu bila kosa.

Matokeo ya fikra kwamba mwananchi ndiye athibitishe uraia wake yanaonekana pia kwa watu ambao hawajawahi kuwa wakimbizi. Waha wa Kigoma na wabunge wao wamelalamika mara nyingi kwamba wanasimamishwa njiani na kuulizwa kama ni Warundi. Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia wa Tanzania. Kama mtu aliyeapishwa kushika madaraka ya dola anaweza kuambiwa hivyo, mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu atasimamia wapi?

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, imelijibu swali hilo mara mbili. Machi 2018 ilitoa hukumu katika shauri la mkazi wa Babati aliyenyang'anywa pasi yake alipokuwa anajiandaa kufunga ndoa, akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamrudisha, akabaki akiishi katikati ya mpaka wa Sirari bila nchi. Novemba 2019 ilitoa nyingine, ya mtu aliyetiwa hatiani kwa kuwamo nchini isivyo halali, akashikiliwa gerezani miaka mingi baada ya kesi yake. Katika mashauri yote mawili mahakama iliona Tanzania imekiuka haki, na msingi ulikuwa mmoja: mtu ambaye ana nyaraka zinazoonyesha kuwa ni raia halazimiki kuuthibitisha uraia huo upya. Anayeupinga, yaani dola, ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Msingi huo ungefaa kuwa sehemu ya mafunzo ya kila afisa uhamiaji wa Tabora, Kigoma na Katavi.

Upande wa safari nao una adha yake. Uamuzi wa 2007 uliigawa familia moja kati ya nchi mbili: kaka yuko Makamba nchini Burundi, dada yuko Ulyankulu. Msiba ukitokea, dada anahitaji pasi ya kusafiria au hati ya dharura. Pasi ya kielektroniki iliyozinduliwa mwaka 2018 inagharimu shilingi 150,000, na kabla ya kuifikia lazima awe na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Mzazi huyo alizaliwa Burundi miaka ya 1940 na alikimbia akiwa na mtoto mgongoni, si na vyeti.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayoahidi uhuru wa watu kusafiri, ilianza kutumika Julai 2010. Tangu mwaka 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika utaratibu huo. Wakati huo huo imekubaliana na Burundi kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, ili shehena ya madini ishuke hadi bandari ya Dar es Salaam. Shehena imewekewa njia iliyo rahisi kuliko ile ya shangazi anayekwenda kuzika.

Liko pia suala la uraia pacha. Raia wa Kanada anayeamua kuwa Mmarekani habanwi kuchagua: tangu Februari 1977 sheria ya Kanada inamruhusu kubaki na uraia wake wa asili, na kiutendaji Marekani haimtaki authibitishe kuwa ameuacha. Hujaza fomu zake, huapa, huomba pasi ya Marekani, na ikishatoka anaweza kwenda kumsalimu mama yake akiwa na pasi mbili. Burundi imeruhusu uraia pacha tangu mwaka 2000, Uganda na Kenya zikafuata. Tanzania inaukataa kwa watu wazima, na mjadala wake nchini umetawaliwa na sauti za Watanzania walioko ughaibuni, ambao serikali imewaandalia hadhi maalum. Wa Ulyankulu hawatajwi, ingawa ni wao waliolazimishwa kuukana uraia mmoja wakangoja mwingine kwa miaka minne.

Kuna ulinganisho mmoja unaouma zaidi. Mnamo mwaka 2007 Marekani ilianza kuwapokea maelfu ya Warundi wa wimbi hilo hilo la 1972, waliokuwa katika kambi za Kigoma na Kagera. Mkimbizi akiingia Marekani, baada ya mwaka mmoja huomba ukazi wa kudumu, na baada ya miaka mitano tangu kuwasili anaweza kuomba uraia. Waliobaki Tabora walisubiri miaka 42. Tanzania iliwapokea kwa ukarimu ambao Marekani haikuwahi kuukaribia kwa idadi wala kwa ardhi, ila ukarimu huo haukuwa na ratiba iliyoandikwa, na mkimbizi hakuwa na siku ya kuihesabia.

Yapo mambo manne ambayo Bunge na Wizara ya Mambo ya Ndani wanaweza kuyafanya bila kusubiri katiba mpya. Kwanza, kifungu cha 5 kitafsiriwe rasmi, ili aliyezaliwa nchini ajue hadhi yake badala ya kuitegemea huruma ya ofisi. Pili, sheria itamke kwamba mtu haukani uraia wa zamani mpaka siku anapokabidhiwa cheti cha uraia mpya. Tatu, mwenye cheti cha tajnisi, kitambulisho cha taifa au pasi ahesabiwe raia mpaka serikali ithibitishe vinginevyo mbele ya mahakama, na uamuzi wa waziri ukatiwe rufaa. Nne, Tanzania na Burundi zikubaliane wananchi wavuke vituo vya mpakani vya Manyovu na Kabanga kwa kitambulisho cha taifa, kama wafanyavyo majirani zao.

Hakuna hata moja kati ya haya linalofungua mipaka kwa wahalifu, maana uchunguzi wa usalama unabaki palepale, kabla ya cheti kutolewa. Serikali iliyothubutu kuwapa uraia watu 162,156 ilishafanya sehemu iliyo ngumu. Wabunge wa Tabora, Katavi na Kigoma wana wajibu wa kuipeleka sehemu iliyobaki Dodoma, kwa sababu wanaosumbuliwa njiani leo ni wapiga kura wao.