Mwanao anataka kusomea teknolojia ya muziki? Anzeni na masikio

Wiki iliyopita nilikuwa Maganzo, wilayani Kishapu, nikamkuta baba mmoja na mkewe wakivutana. Kijana wao amemaliza kidato cha sita, hataki ualimu wala uhasibu. Anataka kwenda chuo kikuu kusomea teknolojia ya muziki.

"Mwanangu, hivi muziki nao ni wa kusomea mpaka digrii?" baba akaniuliza. Amefanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya almasi, na ada ni jasho lake. Ana haki ya kuuliza.

Nilimjibu kuwa ndiyo, baba, unasomewa. Fani hii si kuimba. Mwanafunzi hujifunza jinsi sauti inavyosafiri, kurekodi, kuchanganya sauti, kufunga mitambo ukumbini na kuandaa sauti za filamu. Fundi wa namna hiyo anahitajika redioni, kanisani, msikitini na kwenye mikutano, si kwa wasanii wa Bongo Fleva peke yao.

Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Tumaini Makumira cha Arusha hufundisha muziki. TaSUBa ya Bagamoyo hutoa stashahada za sanaa. Kabla ya kulipa chochote, soma mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika uone kozi yenyewe na sifa zake. Kisha uliza chuoni: Studio ipo? Mwanafunzi anashika mitambo mara ngapi kwa wiki? Mafunzo kwa vitendo anafanyia wapi?

Lakini mimi kilichonitia wasiwasi ni kingine. Muda wote huo kijana alikuwa na hedifoni masikioni. Mama alimwita mara tatu. Alipozivua alituambia kuwa usiku masikio humlia "nziii".

Hiyo ni dalili ya kuangaliwa mapema. Ndani ya sikio kuna seli ndogo zinazopokea sauti. Kelele ikiziua, hazioti tena. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sauti ya desibeli 80 mtu mzima anaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Ikifika 100, ni kama dakika 20 kwa wiki nzima.

Baba akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ni kama mgodini. Kwenye mashine huendi bila vizuia kelele."

Ndivyo ilivyo. Mzazi, mwambie mwanao asizidishe asilimia 60 ya sauti ya simu, apumzishe masikio, na asikae mbele ya spika. Masikio yakilia mara kwa mara, mpeleke kwa daktari wa masikio akapimwe usikivu.

Walikubaliana hivi: kijana apimwe kwanza, halafu wakae pamoja kujaza maombi ya chuo. Baba ndiye atakayempeleka.

Tukutane wiki ijayo.