Vimeng'enya Havifi, Maana Havikuwahi Kuishi

MIZANI YA MANENO
Safu ya kila juma ya Mwalimu Sefu

Makala ya rejea, yaani andiko ambalo msomaji huliendea ili amalize shaka yake, hubeba dhamana ambayo hadithi na hotuba hazina, kwa kuwa anayeifungua hana kipimo kingine cha kuisahihishia, na lau angekuwa nacho asingeifungua. Muuza duka mwenye mizani iliyochezewa hufikiwa na wakaguzi wa vipimo, ilhali mwandishi wa fasili iliyopotoka hafikiwi na mtu. Ndiyo maana safu hii haijachoka kurudia kanuni ambayo wasomaji wake wa siku nyingi wanaweza kuimaliza kabla haijatamkwa: sentensi ya kwanza iandikwe mwisho, baada ya mwandishi kujua kila kitu kinachoweza kuikanusha.

Juma hili kanuni hiyo ilivunjwa mara nne katika sentensi moja. Mwanafunzi wa kidato cha pili, akiwa ameketi meza moja na mwandishi wa safu hii, alisoma kwa sauti makala ya rejea iliyoeleza kwamba vimeng'enya vyote ni protini, kwamba kazi yake ni kumeng'enya chakula, kwamba hutumika vikaisha katika kazi hiyo, na kwamba hufa vikipata joto. Kisha akainakili sentensi hiyo daftarini kwa wino mwekundu, ambao huutumia kwa mambo ya kuhifadhi tu. Mwandishi aliumia kuliko alivyokasirika, kwa sababu kijana hakukosea chochote: alifanya hasa kile ambacho makala ya rejea humtaka afanye.

Neno "vyote" ndilo kosa la kwanza. Mwaka 1926 James Sumner alipata fuwele za yureasi, kimeng'enya kilichotoka katika aina ya maharage, akaonyesha kwamba ni protini, na baada ya ubishi mrefu akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1946; lakini katika miaka ya 1980 Thomas Cech na Sidney Altman walionyesha kwamba RNA, molekuli inayojulikana zaidi kwa kubeba ujumbe wa urithi, nayo huweza kuchochea mmenyuko wa kikemikali kama kimeng'enya, na wakatunukiwa Nobel mwaka 1989. Makala iliyochapishwa miongo kadhaa baadaye haina udhuru wa kutosema "karibu vyote".

Kosa la pili limejificha katika neno lenyewe. Kiswahili kilichota "kimeng'enya" kutoka kitenzi "kumeng'enya", na neno hilo zuri humvuta msomaji hadi tumboni na kumwacha huko, ilhali kimeng'enya kiitwacho DNA polimerasi hakivunji kitu bali hujenga nakala ya DNA, na kimeng'enya kilichomo katika chembe nyekundu za damu huunganisha kaboni dayoksaidi na maji ili hewa hiyo chafu isafirishwe hadi mapafuni. Wataalamu huvigawa vimeng'enya katika makundi saba, la saba likiwa limeongezwa mwaka 2018, na vyote vinavyomeng'enya chakula ni sehemu tu ya kundi moja, lile la vinavyovunja molekuli kwa kutumia maji. Makala ya Kiswahili ina wajibu wa ziada wa kuyaeleza haya, kwa kuwa ndiyo inayolitumia neno linalopotosha.

Kuhusu madai kwamba vimeng'enya hutumika vikaisha, mpishi yeyote wa mishkaki anayelainisha nyama kwa papai bichi angeweza kuisahihisha makala hiyo, kwa maana anajua kwamba nyama iliyosahaulika humo hugeuka rojo: papaini, kimeng'enya cha papai, kikishakata protini moja hubaki kilivyokuwa na kuendea nyingine.

Na vimeng'enya havifi. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira, akakamua majimaji yasiyo na seli hai hata moja, na sukari aliyoyatilia ikachacha ikawa alkoholi, kwa kazi ya vimeng'enya pasipo uhai. Kusema leo kwamba kimeng'enya hufa ni kumrudisha mtoto nyuma ya mwaka huo. Joto huharibu umbo la kimeng'enya, na bila umbo hakuna kazi, lakini kiwango cha joto hilo hutofautiana, kwani polimerasi ya bakteria Thermus aquaticus wa chemchemi za moto hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 72 hivi za Selsiasi.

Makosa haya yana chanzo kimoja, nacho ni desturi ya kuandika makala ya rejea kwa kunakili makala nyingine ya rejea. Wanaoitetea husema kwamba watoto wanahitaji urahisi, na utetezi huo haukubaliki, kwa sababu sentensi sahihi si ngumu wala si ndefu: kimeng'enya ni kichocheo cha kibiolojia, karibu kila mara protini, kinachoharakisha mmenyuko wa kikemikali bila chenyewe kutumika.

Kijana alipopewa sentensi hiyo alitafuta mahali pa kuiandika, akakuta ukurasa umejaa, na wino mwekundu haufutiki. Waliochapisha makala ile wanaweza kuahidi kurekebisha katika toleo lijalo; daftari la mwanafunzi halina toleo lijalo.