Usalama wa Kompyuta Maabarani: Fundisho Kutoka Mwanza

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfanyabiashara usemi huo ni onyo. Kwa mwanasayansi ni sheria. Mali kuu ya maabara si darubini wala majokofu yake, kwa kuwa vyombo hivyo vikiharibika huweza kununuliwa tena. Mali yake kuu ni vipimo vilivyokwisha kuandikwa, na aghalabu vipimo hivyo siku hizi havimo katika daftari lenye jalada gumu, bali vimo ndani ya kompyuta. Kwa hiyo maswali kama vile nani anaweza kuifungua kompyuta hiyo, nani anaweza kubadili kilichomo, na kitatokea nini siku itakapopigwa na radi, si maswali ya fundi peke yake. Ni maswali ya sayansi yenyewe, nayo yanastahili kufundishwa pamoja na kanuni za majaribio tangu shule za sekondari.

Ukweli wa hoja hii unaonekana vizuri katika historia ya utafiti jijini Mwanza.

Uzito wa kumbukumbu 17

Utafiti wa magonjwa ulianza Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa kitengo kilichochunguza ugonjwa wa matende. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Bunge lilipitisha Sheria Na. 23 ya mwaka 1979 iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Mwanza ikawa makao ya mojawapo ya vituo vyake. Kati ya mwaka 1991 na 1994 kituo hicho kilishirikiana na shirika la AMREF pamoja na wataalamu wa tiba ya nchi za joto kutoka London katika jaribio lililokuja kusomwa duniani kote.

Jamii 12 za mkoa wa Mwanza, zikiwamo za mwambao wa ziwa na za visiwani, zilipangwa katika jozi 6. Katika kila jozi, jamii moja ilipewa mapema huduma bora za kutibu magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati, na ya pili ikapewa baadaye. Swali lilikuwa hili: je, kutibu magonjwa hayo kunapunguza maambukizo ya virusi vya UKIMWI? Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Miongoni mwa watu 4,149 wa jamii zilizotangulia kupata huduma, ambao hawakuwa na virusi hapo mwanzo, 48 waliambukizwa katika muda wa miaka miwili. Katika jamii za kulinganishia waliambukizwa 82 kati ya 4,400. Yaani asilimia 1.2 kwa upande mmoja, na asilimia 1.9 kwa upande wa pili. Baada ya hesabu zote kufanywa, ilionekana kwamba maambukizo yalipungua kwa takriban asilimia 40.

Sasa msomaji achukue kalamu. Tofauti kati ya 82 na 48 ni watu 34 tu. Kama kumbukumbu 17 za walioambukizwa katika jamii za kulinganishia zingebadilishana mahali na kumbukumbu 17 za wasioambukizwa wa upande wa kwanza, kila upande ungehesabiwa watu 65. Asilimia zingekuwa 1.6 na 1.5, na ugunduzi wote ungetoweka. Miaka ya kazi, safari za mitumbwi, damu iliyotolewa na maelfu ya wananchi, yote yangeishia katika jibu la uongo, na hakuna ambaye angesikia hata sauti ya kitu kuvunjika. Kumbukumbu 17 ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye nia mbaya. Ni kazi ya dakika chache pia kwa karani mwaminifu aliyechoka.

Wajibu wa aina tatu

Wataalamu wa kompyuta hugawa ulinzi wa data katika sehemu tatu: kutunza siri, kutunza ukamilifu na kuhakikisha upatikanaji. Watu wengi wakisikia neno usalama hufikiria siri peke yake, na hapo ndipo kosa linapoanzia.

Siri ni jambo kubwa, hapana shaka. Huko Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza kwenye barabara ya Musoma, wananchi wamekuwa wakifuatiliwa kwa utafiti tangu mwaka 1994. Wamewaeleza watafiti habari za ndoa zao, za vifo katika nyumba zao, na mambo ambayo mtu hamwambii hata jirani yake. Hayo yalitolewa kuwa amana. Mtu akijua kwamba majibu yake yamesomwa sokoni, hatajibu tena, au atajibu uongo. Na utafiti uliojengwa juu ya majibu ya uongo ni bure kabisa.

Ukamilifu una maana kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopimwa, na hakuna aliyekibadili bila kujulikana. Hapa mwalimu anaweza kutumia mfano wa karibu. Tuseme wanafunzi wa Mirongo wanachukua sampuli za maji ya Mto Mirongo, ambao hupita katikati ya jiji na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ili kuchunguza uchafu kila wiki. Kila chupa ina namba. Chupa Na. 472 ilijazwa juu ya mto na chupa Na. 742 karibu na ziwa. Mwandishi akipishanisha tarakimu mbili tu, maji ya juu yatahesabiwa kuwa ya chini, na lawama itamwangukia asiyehusika.

Dawa yake ni hesabu nyepesi. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 4, ya pili kwa 3 na ya tatu kwa 2, kisha jumlisha. Kwa 472 jumla ni 16 + 21 + 4, yaani 41. Gawanya kwa 11. Baki ni 8. Namba kamili ya chupa iwe 472-8. Mtu akiandika 742-8 kwa bahati mbaya, kompyuta itapiga hesabu ile ile: 28 + 12 + 4 ni 44, na baki ni 0, si 8. Itakataa namba hiyo papo hapo. Namba ambazo baki lake ni 10 huachwa. Njia hii hugundua kosa lolote la tarakimu moja, na pia tarakimu mbili za jirani zilizopishana. Haimzuii mwongo, kwa mwongo inahitajika kompyuta iweke orodha ya kila badiliko, aliyelifanya na saa aliyolifanya, na daftari la awali lisitupwe.

Upatikanaji ndio wajibu wa tatu, na ndio unaosahaulika kuliko yote. Data iliyolindwa barabara lakini isiyoweza kusomwa siku inapohitajika ni sawa na ghala lililofungwa na ufunguo wake kutupwa ziwani. Katika nchi za kandokando ya Ziwa Victoria, ambako radi ni nyingi na umeme hukatika, adui wa kwanza wa data hana haja ya kuwa mdukuzi.

Shambulio la mwaka 1989

Yako matukio mawili ambayo kila mwanafunzi wa sayansi angefaa kuyajua. La kwanza lilitokea Desemba 1989. Disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta katika nchi mbalimbali, nyingine kwa wajumbe wa mkutano wa kimataifa kuhusu UKIMWI. Lebo ilisema kwamba ndani mna maelezo juu ya ugonjwa huo, na kweli programu ilimwuliza mtumiaji maswali na kumpa ushauri. Lakini kompyuta ilipokwisha kuwashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa, na ilani ikatokea ikidai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Aliyeshtakiwa alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia wa Marekani mwenye shahada ya udaktari, aliyepata kufanya kazi nchini Kenya. Mahakama ya Uingereza ilimwona hafai kushitakiwa kutokana na hali ya akili yake.

Linalofundisha zaidi ni jinsi madhara yalivyotokea. Programu ile ilivuruga majina ya mafaili, si yaliyomo ndani yake, na dawa ya kuyarudisha ilitengenezwa muda si mrefu. Hata hivyo, wako waliofuta kompyuta nzima kwa hofu, na kazi yao ya miaka ikaenda nayo. Waliopoteza waliangushwa na mambo mawili: kuingiza katika mashine kitu kilichotoka kwa mtu wasiyemjua, na kutokuwa na nakala ya pili. Disketi zimekwisha kutoweka, lakini tabia hizo mbili zingalipo. Leo anayebebwa kutoka mashine hadi mashine ni flashi, na barua ya posta imekuwa ujumbe wa simu.

Tukio la pili ni la karibu zaidi. Tarehe 22 Juni 2024 wadukuzi waliishambulia Huduma ya Taifa ya Maabara za Afya ya Afrika Kusini, yenye maabara zaidi ya 260. Walifuta sehemu za mfumo, pamoja na nakala za akiba zilizokuwa katika mfumo huo huo. Mashine za kupimia damu ziliendelea kufanya kazi, lakini majibu hayakuweza kuwafikia madaktari kwa njia ya mtandao, na yale ya dharura ilibidi yasemwe kwa simu. Somo lake ni fupi: nakala inayokaa mahali pamoja na asili yake haistahili kuitwa nakala.

Hoja za wanaosita

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mataifa tajiri. La hasha. Neno la siri lenye tarakimu 4 lina uwezekano wa 10,000 tu, na mashine inayojaribu mara milioni moja kwa sekunde hulimaliza kabla mtu hajapepesa jicho. Neno la herufi 8 ndogo zilizochaguliwa bila mpango lina uwezekano zaidi ya bilioni 208, nalo huishia katika muda usiozidi siku 3. Neno la herufi 12 lingeihitaji mashine hiyo hiyo miaka zaidi ya 3,000. Kutoka siku 3 hadi miaka 3,000 gharama ni herufi 4, wala haihitaji fedha za kigeni. Vivyo hivyo nakala ya pili: diski moja, jengo jingine, na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuijaribu kila mwezi kuona kama inasomeka.

Wako pia watakaoona kwamba usalama ni kuiogopa mashine. Tanzania ilikwisha kuipitia njia hiyo. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mfumo wa hesabu uliofuata ukaleta hasara, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Mashine ilibeba lawama za wapangaji na wasimamizi, na taifa likachelewa kupata mafundi wake lenyewe. Usalama hauji kwa kuikimbia mashine, bali kwa kuwa na watu wanaoielewa.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: kwamba neno usalama litakuwa kisingizio cha kufungia kabatini data ambazo umma una haki ya kuzijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamlinda mtu. Haikuwekwa ili kulinda sifa za ofisi. Jina la mama wa Kisesa lifungwe kwa kufuli imara. Lakini idadi ya wagonjwa, kiasi cha uchafu mtoni na wingi wa samaki ziwani vitolewe, baada ya kuondolewa kila kinachoweza kumtambulisha mtu, ili watafiti wengine wavipime na kuvikosoa. Sayansi inayofichwa haiwezi kusahihishwa.

Kazi ianzie shuleni

Maabara za taifa zinapaswa kuwa na nakala za data zao humu nchini, chini ya wataalamu wa humu nchini, hata pale utafiti unapogharimiwa na wafadhili wa nje. Kwani mkataba una mwisho, lakini amana ya wananchi haina. Zinapaswa pia kumpa mtunza data heshima na mshahara unaolingana na uzito wa kazi yake, badala ya kumwita siku mambo yanapoharibika.

Lakini mtunza data huyo leo yuko kidato cha kwanza. Akifundishwa mapema kuandika kipimo kwa wino na tarehe, kutofuta kosa bali kulikata kwa mstari mmoja na kuandika sahihi pembeni, kutunza nakala mahali pengine na kutogawa neno lake la siri hata kwa rafiki, atakuwa amejifunza usalama wa kompyuta kabla hajaigusa kompyuta yenyewe. Mwalimu asingoje mashine zifike. Daftari, chupa zenye namba na maji ya Mto Mirongo vinatosha kuanzia.