Kiswahili Rahisi, Mtoto Mvivu?

"Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyefika darasa la nne bila kusoma vizuri ni mvivu." Kauli hii ina wenyewe hapa Mpitimbi, na Songea mjini pia. Ni uongo, na unaumiza watoto.

Huenda mtoto huyo ana disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma. Mwenye disleksia haoni herufi kichwa chini miguu juu. Kuchanganya "baba" na "dada" ni kawaida kwa yeyote anayeanza kusoma. Kinachomtesa ni kuunganisha herufi na sauti yake: kazi ambayo wenzake wanaifanya bila kufikiri, yeye anaianza upya kwenye kila silabi. Mpe neno "hawakuninyang'anya". Atalimaliza, kidole kikiwa chini ya mstari, lakini akifika mwisho, mwanzo wa sentensi umeshamtoka. Mwalimu anamuuliza hadithi inahusu nini, mtoto kimya. Anaambiwa hasikilizi.

Hapo ndipo urahisi wa Kiswahili unapotudanganya. Unapunguza makosa, tatizo linabaki palepale. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano nacho huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na Waitaliano walisoma kwa usahihi kuliko wenzao. Hata hivyo, picha za ubongo zilionyesha hitilafu ileile kwa wote. Uvivu unaingia wapi hapo?

Wala si upungufu wa akili. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeziweza hesabu lakini kusoma kukamshinda kabisa. Mwalimu wake alikiri kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, huyo ndiye angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Wa namna hiyo tunao. Msimu wa mahindi, kuna mtoto anayepiga hesabu ya madebe kichwani kabla dalali hajatoa simu mfukoni, na lumbesa haimpiti. Jumatatu huyohuyo anasimamishwa mbele ya darasa asome aya. Wenzake wanacheka, fimbo inafuata. Jumanne haonekani, nasi tunamwandika mtoro.

Akivumilia hadi kidato cha kwanza anaanza kufundishwa kwa Kiingereza, ambako neno linaandikwa hivi na kutamkwa vile. Hata ule unafuu mdogo aliokuwa nao unakwisha.

Fimbo haifundishi silabi. Mwalimu amuulize kwa mdomo, ampe aya leo aisome mapema kabla ya kusimama kesho, na mitihani ya shuleni imwongezee muda. Na mzazi anayesema "ukoo wetu vichwa vigumu, hata mimi shule ilinishinda" ajue kwamba disleksia mara nyingi hurithiwa. Huenda yeye naye alichapwa miaka yote ile bila kosa.